Daftari Halikufika Getini: Historia ya Chakula cha Msaada na Sisi Watoto wa EPZ

Leo si stori ya mziki, na si ya mpira. Leo ni stori ya unga, na imenichukua muda kuiandika kwa sababu ni ya kwetu.

Kama umewahi kupita Athi River jioni, saa zile shifti inaisha, unajua venye EPZ hukaa. Geti linafunguka na watu wanamwagika barabarani. Wengi ni akina dada na akina mama. Hawaongei sana, wanatembea haraka. Wengine wanaelekea Kitengela, wengine Athi River mjini, wengine wanasimama kungoja matatu za Mlolongo. Wengi wanapiga mguu, kwa sababu nauli ya leo ndiyo sukuma wiki ya kesho. Mama mboga ameshapanga nyanya mafungu mafungu. Dukani mafuta ya kupikia yanapimwa kwa kikombe, sukari inafungwa kwa karatasi, unga unauzwa kwa nusu kilo. Hiyo ndiyo kadogo, uchumi wa watu wanaonunua maisha siku moja moja.

Mathe wangu alikuwa kwa huo umati miaka mingi. Alishona suruali za jinzi ambazo hakuna mtu wa mtaa wetu aliwahi kuvaa, zinafungwa kwa makatoni zinaenda Marekani. Alikuwa na kazi. Alikuwa na karatasi ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Na bado kuna siku tulilala na chai ya rangi, mimi na sista yangu, huku yeye akituambia ati ameshakula kazini.

Swali limenikaa kichwani tangu nikiwa mdogo: kwa nini kila mara serikali ikitangaza inawapelekea wasiojiweza chakula, hicho chakula hakikufika kwetu? Nilikua nikiamini jibu ni moja tu, ufisadi. Na ufisadi uko, siukatai. Lakini nimeanza kusoma historia ya hapa kwetu na nimeona kitu kingine, na kwangu ni kibaya zaidi. Hata wezi wote wakishikwa leo, mathe bado asingeandikwa. Mpango wa chakula cha msaada uliundwa kumtafuta mtu mwingine kabisa. Wacha nieleze.

Kabla ya EPZ kulikuwa na ng'ombe

Tuanze 1938, miaka 52 kabla ya EPZ. Athi River ilikuwa kituo cha reli na nyika. Kampuni ya Liebig, ya Waingereza, ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama hapo. Kiwanda kinataka ng'ombe, wengi, kwa bei ya chini. Na Wakamba wa Machakos walikuwa na ng'ombe.

Serikali ya kikoloni ikaja na maneno matamu. Ikasema mifugo imezidi, udongo unamomonyoka, na watu wasaidiwe kwa kupunguziwa ng'ombe. Wasaidiwe, si ni hivyo? Shida ni kwamba msaada wenyewe ulikuwa wa lazima. Mifugo ilichukuliwa na kuuzwa kwa mnada, kwa bei ambayo mwenyewe hakuichagua.

Elewa kitu kimoja kuhusu Ukambani. Mvua ya huku si ya kuaminika. Ng'ombe alikuwa benki na alikuwa ghala. Mahindi yakikauka shambani unauza fahali mmoja, watoto wanakula mpaka mvua nyingine. Ukimnyang'anya mtu ng'ombe kwa jina la kumsaidia, umemnyang'anya chakula cha mwaka ambao haujafika.

Watu walikataa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walitembea kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Muindi alishikwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalazimika kuacha kuuza mifugo kwa nguvu. Hiyo Muindi Mbingu Street unayopita ukiwa tao, karibu na City Market, ni jina lake. Wengi tunaitumia kupanga mahali pa kukutana na hatujui ni ya nani.

Vita ya pili ikaja ikaisha, na 1950 ikaanzishwa Kenya Meat Commission, makao yake hapo hapo Athi River. Kwa hivyo ujue: mji huu ulikuwa mji wa viwanda zamani sana, na njia ya serikali kuja hapa kuchukua kitu ni ya zamani vilevile.

Majina ya njaa

Wakamba hawahesabu njaa kwa tarehe. Wanazipa majina. Susu yangu, nyanya mzaa mama, aliyekaa Mwala maisha yake yote, alikuwa anaweza kukutajia umri wa mtu kwa jina la njaa aliyozaliwa nayo.

Kuna Ngomanisye, ile ya mwaka 1898 na 1899, njaa iliyomkuta kila mtu kila mahali. Ilikuja wakati reli inapita nyikani kuelekea Nairobi, ikaja pamoja na ndui na ugonjwa wa mifugo, na watu wengi sana walikufa. Kuna Yua ya Ndeke ya mwaka 1961. Yua ni njaa, ndeke ni ndege. Ukame ulikuwa umemaliza mimea, kisha mafuriko yakakata barabara, chakula kikadondoshwa kutoka angani. Halafu kuna ya 1984, na hii jina lake ndilo ninalolipenda na kuliogopa: Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama kusema, nakufa nikiwa nazo mkononi. Yaani pesa unayo, umeishika, lakini dukani hakuna chakula cha kununua.

Shikilia hilo jina, tutalirudia.

Mwaka huo wa 1984 serikali ya Moi iliagiza mahindi mapema kutoka nje, yale ya njano ambayo wazee mpaka leo wakiyataja wanakunja uso. Bodi ya nafaka, NCPB, ikayasambaza, na ya msaada yakapitia kwa mkuu wa wilaya, kwa DO, kwa chifu, mpaka kwa mwananchi. Wataalamu wengi wa mambo ya njaa wameisifu kazi hiyo, na kwa haki. Kenya haikuzika watu kama ilivyotokea Ethiopia mwaka huo huo. Kwa hivyo nisikudanganye kwamba serikali haikuwahi kujua kulisha watu. Ilijua. Susu alikula hayo mahindi, na mathe pia.

Kikamba kina neno la chakula hicho: mwolyo. Mwolyo unakujaje? Chifu anaita baraza chini ya mti. Watu wanakaa kwa nyasi. Daftari linafunguliwa. Kila familia inajulikana: huyu ni wa nyumba ya fulani, shamba lake ni lile, mvua imemkosa, watoto ni sita. Kijiji kinajuana, kwa hivyo ukidanganya utachekwa hapo hapo. Jina lako likiandikwa, unarudi siku ya gunia na kikapu chako.

Huo mfumo ulikuwa na akili. Lakini angalia unachodai kwako ndio uuingie. Lazima uwe na kwenu. Lazima uwe na shamba lililokauka. Lazima uwe na mchana mzima wa kukaa barazani na mwingine wa kungoja gunia. Na lazima njaa yako iwe imeletwa na mvua. Hiyo ndiyo njaa ambayo serikali ya Kenya ilijifunza kuiona.

Halafu EPZ ikaja

Sheria ya maeneo ya EPZ ilipitishwa 1990, na hapo Athi River likajengwa eneo kubwa la serikali. Wazo lilikuwa rahisi: mwekezaji alete mashine, auze nje, Kenya ipate kazi na dola. Ili kumvuta, serikali ilimwekea mambo mazuri mezani. Kodi ya mapato ya kampuni ilisamehewa kwa miaka 10 ya kwanza. Ushuru wa mashine na malighafi nao ukaondolewa.

Soma hapo tena polepole. Miaka 10. Hakuna aliyeitwa barazani. Hakuna aliyeulizwa kwao ni wapi. Serikali inapotaka kumfikia mtu na msaada, inajua kumfuata mpaka alipo, na inamwandalia ofisi moja ya kumaliza kila kitu. Hiyo nayo weka kando, tutaihitaji.

Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, nguo kutoka Afrika zikaingia kwao bila ushuru, na viwanda vya nguo vikajaa Athi River. Maelfu ya vijana wakatoka Mwala, Makueni, Kitui, Kisii, Magharibi, kila mahali. Mathe alikuwa mmoja wao, na begi moja na godoro la inchi tatu. Kazi ikapatikana, na hapo lazima niwe mkweli: bila hiyo kazi mimi singesoma.

Lakini Januari 2003, wiki chache tu baada ya Narc kuingia na nchi nzima kuimba, wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa maelfu. Walisema mshahara hautoshi, masaa ni mengi, heshima hakuna. Mwaka 2004 shirika la haki za binadamu la KHRC likatoa ripoti kuhusu hizo EPZ. Jina la ripoti, ukiliweka kwa Kiswahili, ni Utengenezaji wa Umaskini. Wakati huo ndio wazazi wetu walikuwa wanatengeneza suruali.

Na mshahara? Agizo la serikali la 2022 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kuwa shilingi 15,201 kwa mwezi Nairobi. Mavoko, yaani huku kwetu, ikawa shilingi 14,025. Ukipita mpaka wa kaunti pale Mlolongo, thamani yako inapungua kwa zaidi ya ngiri moja, na unga haujapungua hata shilingi. Toa kodi ya keja, toa maji ya mtungi, toa shule, tuma kidogo kwa susu. Kinachobaki ni cha kadogo.

Sasa rudi kwa lile jina, Nikw'a Ngwete. Mwaka 1984 ulikuwa na pesa mkononi na duka tupu. Huku EPZ duka limejaa mpaka dari, ni mkono ndio mtupu. Ni njaa ile ile imegeuzwa upande wa pili. Na kwa sababu haina ukame, haina ng'ombe aliyekufa wa kupigwa picha, hakuna daftari lililofunguliwa kwa ajili yake.

Rudini kwenu mkaandikwe

Halafu ikaja korona. Kisa cha kwanza kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Oda za nguo kutoka ng'ambo zikakatwa. Viwanda vingine viligeukia kushona barakoa, vingine vikarudisha watu nyumbani. Kiwanda alichokuwa mathe, ambacho sitakitaja, kiliwaambia wengi wao wangoje kuitwa. Kungoja hakulipwi.

Tarehe 6 Aprili rais akafunga Nairobi na viunga vyake. Huku upande wetu mpaka uliwekwa Athi River. Sisi tukawa ndani. Mwala kwa susu ikawa nje.

Wiki chache baadaye tukasikia majina ya msaada yanaandikwa mtaani. Mathe akatoka na kitambulisho mkononi. Mtu mwenye daftari akamuuliza, "Mama, wewe ni mpangaji?" Akasema ndiyo. "Kwenu ni wapi?" Akasema Mwala. Yule mtu hakuwa mkali, alikuwa mpole hata. Akamwambia, "Sasa mama, wewe utaandikwa kwenu. Hapa tunaandika watu wa hapa."

Mathe alikuwa amekaa hapo miaka 17.

Jioni tukapigia susu simu. Susu akasema huko nako wameandika, na alipotaja watoto wake akaambiwa yule aliye EPZ ana kazi, asihesabiwe. Kwa hivyo hapa si mtu wa hapa, na kule ni mtu mwenye kazi. Na katikati kuna kizuizi cha polisi. Sista yangu alicheka. Mathe hakucheka. Alizima simu akaenda kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Usidhani tulikuwa peke yetu. Tarehe 10 Aprili, Ijumaa Kuu, watu wa Kibera walikanyagana wakipigania chakula cha msaada, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Picha zilizunguka dunia. Serikali ikaja na njia iliyoonekana bora, ya kutuma pesa kwa M-Pesa, shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia zisizojiweza. Wazo poa, hakuna foleni, hakuna kukanyagana. Lakini Julai 2021 Human Rights Watch ikatoa ripoti kuhusu Nairobi: ni familia chache tu zilizopata kati ya zilizohitaji, watu hawakuelezwa vigezo, na wengine waliingizwa kwa kujuana. Simu ilikuwa ya kisasa. Aliyeamua nambari gani iingie alikuwa bado ni mtu na daftari lake.

Na mipango mingine? Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi, ni ya wazee, ya familia zinazolea mayatima, na ya watu wenye ulemavu mkubwa. Ni mpango mzuri, siugusi. Lakini mama wa miaka 32 mwenye watoto wawili na cherehani ya mtu mwingine si mzee, si yatima, si mlemavu. Ana njaa tu. Kwa hiyo haina kisanduku chake kwenye fomu.

Unga wa miaka ya kura

Kuna msaada mmoja uliotufikia bila daftari: unga wa bei ya serikali. Mei 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa mpaka shilingi 90. Julai 2022 ikashushwa mpaka shilingi 100. Hakuna aliyeulizwa kwao. Unaingia dukani, unalipa, unaenda.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza, miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi, na kura zote mbili zilikuwa Agosti. Mimi sisemi kitu, kalenda ndiyo inasema. La pili, na hili mtu wa ofisini hawezi kulijua: unga wa bei hiyo ulikuwa unaisha mapema. Aliyekuwa nyumbani asubuhi aliupata. Aliyetoka shifti jioni akakuta rafu tupu. Mathe aliupata mara mbili, na mara zote alinituma mimi. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hivyo kwa bahati nilikuwa na muda.

Muda. Ukichunguza kila mpango niliotaja, kutoka baraza la chini ya mti mpaka foleni ya dukani, wote unamtaka maskini awe na muda. Na muda ndio kitu ambacho mfanyakazi wa EPZ ameuza.

Septemba 2022 serikali mpya ikaondoa hiyo ruzuku, ikasema afadhali isaidie mkulima kwa mbolea. Mbolea ikashuka mpaka shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50. Inaeleweka, mahindi yakiwa mengi bei hushuka. Lakini ona tena ni nani anaonekana: mwenye shamba. Keja ya futi kumi kwa kumi haimwagiwi mbolea.

Wakati wa kukata wanatupata

Sasa mtu ataniambia, "Buda, serikali itawajuaje? Nyinyi ni wengi, mnahamahama, hamna anwani."

Kweli? NSSF inakatwa kila mwezi na inajua jina la mathe. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024, inajua. Makato ya nyumba, asilimia 1.5, yanajua. Tarehe ikifika hakuna mfanyakazi wa EPZ anayeambiwa arudi kwao akakatwe. Hakuna anayeulizwa kama ni mpangaji. Jina, nambari ya kitambulisho, mshahara mpaka senti, siku alizosimamishwa kazi, yote yako kwa kompyuta moja, nyuma ya geti moja.

Kwa hivyo kutojulikana si shida yetu. Shida ni kwamba njia inayotumika kutukata haijawahi kutumika kutuletea. Kiwanda kikirudisha watu 400 nyumbani bila malipo, orodha ya watu watakaokosa chakula wiki ijayo iko tayari siku hiyo hiyo, imechapishwa. Hakuna haja ya baraza.

Nimesikia pingamizi moja ambalo ni la maana, na sitalikwepa. Kuna watu wa vyama vya wafanyakazi wanaosema msaada wa chakula kwa mtu mwenye kazi ni kumsaidia mwajiri. Serikali ikijaza sufuria, tajiri hana haraka ya kuongeza mshahara. Na historia iko upande wao. Wakati wa ukoloni vibarua walipewa posho, unga wa mahindi, kama sehemu ya malipo, na huo unga ukawa kisingizio cha kuwalipa senti. Kwa hiyo ndiyo, dawa ya kwanza ni mshahara. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hafai kuhitaji mwolyo.

Lakini mshahara unabishaniwa miaka, na mtoto analala leo. Na pia tukumbuke ile miaka 10 ya kodi niliyowaambia muiweke kando. Mwajiri ameshasaidiwa. Haikusemekana kwamba msamaha wa kodi utamfanya mvivu.

Na inawezekana. Angalia hapo jirani. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi ilianza Dishi na County. Mtoto wa shule ya umma analipa shilingi 5, anagusisha bangili mkononi, anapewa sahani ya chakula cha moto. Hakuna aliyemwambia mama yake aende barazani. Mpango ulimfuata mtoto mahali ambapo tayari yuko kila siku, yaani shuleni. Sasa mtu mzima naye ako mahali kila siku. Ako getini.

Ninachotaka ni kidogo. Meza moja nje ya geti saa za kutoka shifti, jioni, si saa nne asubuhi. Afisa wa kaunti au wa ustawi wa jamii aketi hapo, aandike anayetaka kuandikwa, mahali anapolala sasa hivi, awe mpangaji au la. Kiwanda kikisimamisha watu, orodha iende kwa hiyo ofisi, kwa ruhusa ya wenyewe. Na orodha ya waliopata ibandikwe ukutani, na vigezo vyake, kila mtu aisome. Hayo si maombi ya huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kila mtu. Haikuandikwa, kila mtu mwenye shamba. Na kifungu cha 35 kinasema tuna haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, kwa hivyo lile daftari si siri ya mtu.

Muindi Mbingu na watu wake walitembea mpaka Nairobi kwa sababu serikali iliwajua wakati wa kuchukua tu. Sisi hatuhitaji kutembea mbali hivyo. Geti liko hapa.

Mathe aliacha kazi ya cherehani miaka miwili iliyopita, macho na mgongo vilimwambia imetosha. Sasa anauza githeri na chapo karibu na pale pale, jioni, shifti ikitoka. Ana daftari lake dogo la kurasa zilizokunjamana. Humo ameandika majina ya wale wanaokula leo na kulipa mwisho wa mwezi. Siku moja nilimuuliza anajuaje nani wa kumpa deni. Akasema, "Mimi siwaulizi kwao ni wapi. Nawaangalia tu venye wanatembea."

Nimehesabu majina kwa hilo daftari. Ni 41. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandikwa kwingine.

Wewe je, mtaani kwenu daftari lilifika? Lilimwandika nani?